Ukitaka kuwa Mganga Mkuu wa Manispaa

Mdogo wangu, umeuliza kama tabibu mwenye stashahada kama wewe anaweza kufika Mganga Mkuu wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, na kama kazi yenyewe ni kukaa ofisini tu.

Kwa stashahada hiyo, hapana. Rudi shule usome shahada ya udaktari, miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo na usajili wa Baraza la Madaktari. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii itakubeba sana.

Kazi sasa. Hospitali ya Ligula ni ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo usijione unaisimamia. Zako ni zahanati na vituo vya afya vya manispaa, na watu wake: nani yuko zamu, dawa zimeisha wapi. Bosi wako ni Mkurugenzi, miongozo inatoka Wizarani, na Mpango Kabambe wa Afya, yaani mpango wa mwaka wa kazi na fedha za afya za manispaa, utakunyima usingizi kila bajeti ikikaribia.

Mtihani wenyewe uko mtaani. Chukua kingatiba ya matende na mabusha, dawa wanazogawiwa hata wasioumwa ili kuzuia ugonjwa: vidonge vipo, ila mzee anakwambia hamezi, haumwi. Hapo shahada haisaidii. Mtafute mwenyekiti wa mtaa na shehe wa msikitini, uongee nao mapema, kabla uvumi haujakutangulia. Au mama lishe wa soko la samaki asiye na choo karibu. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inakupa meno, lakini ukimfungia bila kumtafutia choo, kesho atapika kwingine.

Kwa sasa omba kuingia timu ya chanjo hapo kituoni kwako.