Pande mbili za moyo hubana kwa pamoja: nilivyojionea kwa moyo wa mbuzi

Mkuu, umeuliza kama upande wa kulia wa moyo huanza kusukuma damu ndipo wa kushoto ufuate, na kama ile sauti ya moyo, "lap-dap", ni pande hizo mbili zikipokezana. Hapana, zote zinabana wakati mmoja. Hata mimi niliamini kama wewe kwa miaka, kwa sababu mchoro wa kitabuni una mshale unaotoka kulia, unapita mapafuni, unarudi kushoto. Ule mshale unaonyesha safari ya damu, hauonyeshi pigo.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi. Tukifika mada hii napita soko la Mbuyuni asubuhi kununua moyo wa mbuzi. Muuza nyama wangu keshanizoea: asiupasue, na aniachie vidole viwili vya mshipa mkubwa wa juu, aota. Darasani tunatoa mabonge ya damu, mwanafunzi mmoja anaushika mshipa wima, mwenzake anamimina maji taratibu. Maji yanasimama! Ukichungulia unaona vifuko vitatu vya ngozi nyembamba vimejaa maji na kubanana. Hakuna msuli unaovifunga, ni maji yenyewe yanayotaka kushuka. Baadaye yanapungua kidogo kidogo, maana juu ya vifuko hivyo kuna vitundu viwili, njia ya damu inayolisha moyo wenyewe.

Sasa fuata pigo moja. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, pigo zima ni sekunde 0.8. Umeme mdogo unaanzia kwenye chumba cha juu cha kulia, vyumba vya juu vyote viwili vinabana na kumalizia kujaza vya chini, ambavyo sehemu kubwa vilishajaa kwa damu iliyotiririka yenyewe. Umeme unangoja kama sehemu ya kumi ya sekunde, halafu vyumba vya chini vinabana, vyote viwili. Damu inataka kurudi juu, milango ya kati, iliyo baina ya vyumba vya juu na vya chini, inajifunga: "lap". Presha ikipanda vya kutosha, milango ya kutokea (vile vifuko vitatu vya aota ni mmoja wao) inafunguka na kila upande unatoa kama mililita 70, kulia kwenda mapafuni, kushoto kwenda mwilini. Misuli ikilegea, damu iliyotoka inataka kurudi na kuifunga milango hiyo: "dap". Ukiukata ule moyo wa mbuzi utaona ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Kiasi cha damu ni kilekile, ila njia ya kushoto ni ndefu na inahitaji presha kubwa zaidi.

Katika hizo 0.8, kubana kwa vyumba vya chini ni kama 0.3 tu. Inayobaki ni kulegea na kujaa, na hapo ndipo nilipofundishwa na ugonjwa wa dada yangu. Alipokuwa mdogo aliugua koo, ikafuata homa na maumivu ya viungo, na miaka mingi baadaye mlango wa kati wa kushoto ukakakamaa na kuwa mwembamba. Akikaa barazani hana neno. Akipanda kilima kwenda nyumbani Kibosho anasimama kila hatua chache, anakohoa, pumzi hana. Ndugu walisema moyo wake hauna nguvu. Daktari akatuonyesha kwenye skrini: unabana vizuri kabisa. Shida ilikuwa kujaa. Moyo ukienda mbio, muda unaopungua zaidi ni ule wa kulegea, na kwa mlango ule mwembamba damu haikupata muda wa kupita yote, ikarundikana nyuma hadi mapafuni. Kati ya dawa alizoanza nazo ilikuwemo ya kupunguza kasi ya moyo. Nilishtuka, mtu anayekosa pumzi anapunguziwa mwendo! Kumbe ndio alikuwa anaongezewa muda wa kujaza.

Tangu hapo mchoro wa mshale mmoja nimeuacha. Ubaoni nachora mioyo miwili, mmoja umebana, mmoja umelegea, na huo uliolegea ndio naukalia muda mrefu.