Kabla ya Kununua Programu, Soma Skripti Yako kwa Sauti

Mwalimu mmoja wa Kondoa kaniandikia wiki hii. Anaandaa masomo ya biolojia kwa video na anataka wanafunzi wasioona na viziwi nao wayatumie. Anauliza anunue programu gani. Mwalimu wangu, hela yako iache kwanza.

Mimi natengeneza masomo ya mtandaoni hapa Dodoma, na kazi ninayojivunia kuliko zote ni somo la mzunguko wa damu. Mwalimu tuliyemrekodi alikuwa hodari, michoro ikavutia. Ila maelezo yake yalikwenda hivi: "Damu inatoka hapa, inapita huku, halafu inarudi hapa." Kabla ya kukabidhi kazi nilimwita kijana asiyeona anayesomea ualimu aje asikilize. Alitulia mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kaka, hapa ni wapi?"

Tukaandika upya: "Damu yenye oksijeni inatoka mapafuni, inaingia chumba cha juu cha kushoto cha moyo, inashuka chumba cha chini cha kushoto, kisha inasukumwa kwenye aota kwenda mwilini." Tukarekodi tena. Safari hii kijana alinirudishia mzunguko wote, hatua kwa hatua. Hata wanaoona walinufaika, maana kwenye kioo cha simu ndogo ile mishale ilikuwa haionekani vizuri.

Taasisi iliyotupa kazi haikupendezwa. Nilipoomba muda wa kuweka manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa kwenye video, na mkalimani wa lugha ya alama, nikajibiwa: "Hao ni wachache, tutawafikiria baadaye." Awamu ya pili wakampa mtu mwingine. Inaniuma mpaka leo. Wachache kwa hesabu ya nani? Buigiri, hapo Chamwino tu, kuna shule ya wasioona. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Ukitengeneza somo kwa fedha za umma halafu ukamfungia mtoto mlango, hilo si suala la bajeti tena, ni la dhamiri.

Basi anza na skripti. Isome kwa sauti ukiwa umefumba macho, na kila penye "hapa", "huku" na "kama mnavyoona", taja kitu chenyewe. Ukimaliza, skripti hiyo hiyo inakuwa chanzo cha manukuu. Usiyaachie yale yanayojitengeneza yenyewe, kwa Kiswahili yanakosea sana, na kwenye istilahi za sayansi ndiyo balaa. Manukuu nayo hayatoshi kwa kila kiziwi. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na wapo wanaoielewa kuliko Kiswahili cha kuandikwa. Mkalimani mpe nafasi ya kutosha kwenye skrini, mikono na uso vionekane, wala usimfunike na nembo ya mfadhili.

Rangi nazo. WCAG, mwongozo wa kufanya maudhui ya mtandaoni yatumike na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, toleo la 2.2 la mwaka 2023, unataka tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 2 kwa 1. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, hapo umemwacha. Na zile kurasa za kitabu mnazopiga picha na kuziita notsi za PDF, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona maandishi kwa sauti, kinaziona ni picha tupu. Zichape upya ziwe maandishi.

Kuhusu programu, Mwalimu, ipo ya bure. Kisoma skrini cha NVDA kilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, na sauti ya eSpeak NG inayokuja nacho inasoma Kiswahili. Kiweke kwenye kompyuta yako ya Windows, zima skrini, weka kipanya pembeni, kisha jaribu kufungua somo lako na kujibu maswali kwa kibodi peke yake. Utakapokwama ndipo pa kurekebisha. Na kabla hujarekodi, nitumie skripti ya somo la kwanza tuipitie pamoja.