Kwa mnaoanza kusoma karatasi kwa vidole

Wadogo zangu msioona mnaoanza kazi maofisini huku Posta, nimeona wengi wenu mkikabidhiwa kifaa cha nukta nundu, kile kinachoinua maandishi ya simu yawe vijinundu vya kusoma kwa kidole, Jumatatu, Ijumaa kiko kabatini. Simu inaongea, mnasema, vidole vya nini tena? Nami nilisema hivyohivyo.

Kilichonibadili ni ankara. Niliipiga picha kwa simu, programu ikatambua herufi, sauti ikanisomea, nikaandika barua. Sauti yenyewe ni ya Kiingereza, Kiswahili inakitafuna, na ukishaizoea kosa hulisikii tena. Mteja wa Kimara akawa wa "Kirnara": programu iliona m ikadhani ni r na n zimebanana. Sauti ikapita mbio. Aliyegundua ni mkuu wangu, barua imeshasainiwa. Tangu siku hiyo jina la mtu, la mahali na tarakimu yoyote vinapita kwanza chini ya kidole. Kwenye nukta nundu m ni seli moja, yaani kikundi kimoja cha nukta, r na n ni mbili. Hapo hakuna cha kubishana.

Kifaa changu kina seli 40 kwenye mstari mmoja, kila seli vijipini 8, vinavyonyanyuliwa na vipande vyembamba vinavyojipinda vikipata umeme. Vinachukia jasho, na Dar mnaijua. Ukishuka mwendokasi umelowa, au umetoka kula chipsi, nawa, kausha mikono kabisa, ndipo ukiguse. Jioni kifunike, chumvi ya upepo wa Kivukoni haina adabu.

Halafu msikandamize. Mgeni hubonyeza kama anakanda chapati, kidole kinakufa ganzi na vijipini vinadidimia. Pitisha kama unayepapasa shavu la mtoto aliyelala. Mliozoea kibao na sindano vya kutobolea nukta kwenye karatasi mtasumbuliwa na jambo jingine: karatasi ina mistari mingi, hapa upo mmoja tu, unabonyeza kitufe ndipo unaofuata upande. Umbo la ukurasa linapotea. Kwenye jedwali mimi humwomba mwenzangu aniambie kwanza lina safu ngapi, na sioni aibu.

Waliotutangulia ughaibuni walikuwa na Optacon, iliyobuniwa Marekani na John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa ajili ya Candy, bintiye asiyeona. Kidole cha kushoto kilikaa juu ya vijipini 144 vinavyotetemeka, mkono wa kulia ukaburuta kamera ndogo juu ya maandishi, na msomaji akahisi umbo la herufi ileile iliyochapwa. Siyo nukta nundu, herufi yenyewe! Ilikuwa kazi ya polepole, na ilihitaji mafunzo marefu, lakini hapakuwa na programu ya kubahatisha katikati. Iliacha kutengenezwa 1996. Huwa nawaonea wivu kidogo.

La mwisho ni la picha. Karatasi iwe bapa mezani, simu ipandishe taratibu, viwiko viegemee meza. Na taa. Jioni moja nyumbani nilipiga hati ileile mara sita, kila mara kifaa kinaniletea takataka. Nikailaumu programu, nikailaumu simu, nikaizima na kuiwasha. Mwanangu akaingia sebuleni akauliza, "Baba, mbona unapiga picha gizani?"