Maswali na Majibu ya Ushonaji: Jalada la Vipande kwa Daftari Lako

Mwezi uliopita niligusia kwa ufupi namna ya kuunga mabaki ya vitambaa na kuyageuza kuwa majalada ya madaftari, na barua zilizofuata, kutoka Arusha na hapa kwetu Moshi, zimenionyesha kwamba ufupi ule uliwaacha wengi njiani. Nazijibu zile ambazo maswali yake yamejirudia.

SWALI: Mama Fundi, shikamoo. Nilishona jalada la daftari la A5 nikilipima likiwa limelazwa wazi mezani, likaingia vizuri. Nilipolifunga daftari, kitambaa kilivuta na mshono wa mgongoni ukafumuka. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba. Uzi wako hauna kosa. Kosa ni la kipimo. Daftari likifungwa, kitambaa hulazimika kuzunguka mgongo na pembe zake zote mbili, kwa hiyo huhitaji urefu zaidi kuliko kinapolazwa wazi. Pima daftari likiwa limefungwa: anzia ukingo wa gamba la mbele, zungusha futikamba mgongoni, umalizie ukingo wa gamba la nyuma. Karatasi ya A5 ina upana wa sentimita 14.8 na kimo cha sentimita 21, lakini gamba gumu huzidi karatasi kidogo na unene hutofautiana, kwa hiyo usipime kwa kukariri.

Tuchukue daftari lenye kimo cha sentimita 21.5 na mzunguko wa sentimita 32. Ongeza nusu sentimita kwenye kimo na sentimita moja kwenye mzunguko ili gamba lipumue, upate uso wa 33 kwa 22. Vipimo hivi vinagawanyika vizuri, kwani vipande vya mraba vya sentimita 5.5 vinakaa sita kwa mlalo na vinne kwa wima, jumla 24. Kila kimoja ukikate sentimita 7 kila upande, kwa kuwa mshono utakula sentimita 0.75 huku na 0.75 huku. Kata kwa kufuata kadi ngumu uliyoipima vizuri, wala usitumie kipande cha kwanza kama kielelezo cha kipande cha pili, maana kosa dogo hurithiwa na kukua.

Hapo kwenye mshono ndipo majalada mengi yanapoharibikia. Ukizidisha milimita moja tu, mshono mmoja unakula milimita mbili zaidi, na kwa mishono mitano ya wima unapoteza sentimita nzima, yaani ile nafasi yote uliyoiacha kwa ajili ya gamba. Mimi hubandika kipande cha selotepu kwenye bamba la cherehani, sentimita 0.75 kutoka kwenye sindano, na kuusukuma ukingo wa kitambaa ukigusa hapo mwanzo hadi mwisho. Piga pasi kila safu kabla ya kuiunga na nyingine, ukilaza mishono ya safu ya kwanza kulia na ya safu ya pili kushoto, ili makutano yakae bapa badala ya kurundikana.

Baada ya hapo, unga kila upande ukanda wa kitambaa cha rangi moja wenye upana wa sentimita 8.5, ambao ndio utakaokuwa mfuko wa kuingizia gamba, na upinde ncha yake. Geuza uso juu, kunja kanda zote mbili zilale juu ya uso huo, kisha funika katikati kwa bitana yenye upana wa sentimita 28 ambayo ncha zake umeshazipinda, uso wake ukitazama chini. Shona juu na chini tu. Ukigeuza kazi nje kupitia kando ya bitana, mifuko itajikuta yenyewe ndani na mishono yote imefichwa.

SWALI: Nimekusanya mabaki kwa mafundi wa Mbuyuni: kitenge, jinzi, satini na kipande cha shuka la Kimaasai. Nilipounga, kazi ilijikunja kama mandazi. Je, vitambaa hivi haviwezi kukaa pamoja? (Mama wa Pasua, Moshi)

JIBU: Vinaweza, lakini havilingani nguvu, na kilicho kizito humburuta mwenzake. Kwanza fahamu una nini mkononi, kwa sababu si kila kinachouzwa kwa jina la kitenge ni pamba. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya beseni la maji na uziwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Mashuka mengi ya Kimaasai yanayouzwa madukani ni ya akriliki, na pasi ya moto uliozoea kwa pamba huyafanya yang'ae na hata kuyeyuka. Weka kitambaa cha pamba juu yake na upunguze moto.

Vya pamba vioshe na kuvipiga pasi kabla ya kukata, kwa kuwa wanga wa dukani utatoka na kitambaa kitajikunyata siku ya kwanza ya kufuliwa, na ni heri kijikunyate kabla. Kitambaa chekundu au cha buluu nzito kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa; kikiacha rangi, usikiweke karibu na cheupe. Jinzi iache iwe mgongo wa daftari au mifuko ya ndani, ambako unene wake una faida. Satini ukiitaka sana, ibandikie kwa nyuma kile kitambaa cha gundi kinachowekwa kwenye kola za mashati. Kwa jalada la kwanza, hata hivyo, ningekushauri ubaki na pamba tupu.

SWALI: Nina khanga ya marehemu bibi yangu yenye jina refu. Natamani maneno yake yaonekane kwenye jalada la daftari langu la kumbukumbu, ila naogopa kuikata. (Msomaji wa Usa River)

JIBU: Hofu yako naielewa, na sitakuhimiza kuishinda haraka. Khanga huuzwa doti, yaani mbili pamoja; ikiwa zote mbili zipo, ile iliyochakaa zaidi ndiyo ya kukata, na nyingine ibaki nzima kabatini. Ikiwa imebaki moja tu, mimi nisingeligusa jina. Ningekata ukanda wa pindo kutoka kwenye ncha iliyoanza kuchanika na kuutumia kama mgongo wa jalada, kwani pindo la khanga hutambulikana hata likiwa na upana wa vidole vitatu.

Ukiamua kulikata jina, fikiria kwanza litakavyosomeka. Daftari likiwa limefungwa na uso wake uko juu, mgongo uko kushoto, kwa hiyo maneno yanayozunguka jalada zima huanzia gamba la nyuma na kumalizikia gamba la mbele. Msomaji ataona nusu ya mwisho tu ya usemi, na nusu ya methali inaweza kusema jambo ambalo bibi hakulikusudia hata kidogo. Ligawe jina katika mistari miwili au mitatu, uipange yote kwenye gamba la mbele. Khanga kuukuu ni nyepesi, hivyo ishonee bafta, kile kitambaa chepesi cheupe cha pamba, kwa nyuma kabla ya kuiunga na kitu kingine.

SWALI: Mume wangu ananicheka kwamba nimelivalisha daftari matambara ya viraka. Nifanye nini lisionekane hivyo? (Msomaji wa Njiro)

JIBU: Shemeji ana haki kidogo. Kiraka huwekwa palipotoboka, popote pale; vipande hivi vinahitaji mpangilio, na jicho huuona mpangilio kwa mwanga na giza kabla ya kuona rangi. Panga vipande mezani, kimoja cheupe au hafifu kikifuatwa na kimoja kizito, kisha uvitazame huku umefumba macho nusu. Kumbuka pia kwamba maua makubwa ya kitenge yakikatwa kwa sentimita 7 hubaki mabaka tu, hivyo chagua nakshi ndogo. Mwambie ajaribu kulichagua daftari lake kati ya madaftari kumi yanayofanana.

SWALI: Sina cherehani. Inawezekana? (Mwanafunzi, Ngaramtoni)

JIBU: Inawezekana. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza, kisha shona kwa kurudi nyuma kila hatua, kwa mishono mifupi na uzi mmoja usiozidi urefu wa mkono wako. Piga mstari wa penseli wa sentimita 0.75 kwa nyuma ya kila kipande, maana mkono hauna selotepu ya kuuongoza.

SWALI: Nataka kuyauza Soko la Maasai hapa Arusha. Nishone ukubwa gani, na bei niipangeje? (Kijana wa Unga Limited)

JIBU: Shona kwa madaftari yanayopatikana dukani wakati wowote, A5 na A6 kwa wageni, na kaunta buku kwa wenyeji, ambao wauzaji wengi huwasahau. Jalada la daftari la ajabu lisilo na mwenzake hutupwa kurasa zikiisha. Liuze likiwa limevaa daftari, kisha mbele ya mnunuzi lichomoe na ulirudishe, kwa sababu wengi hudhani limegundishwa. Katika bei, jumlisha bitana, uzi, kitambaa cha gundi, daftari lenyewe na nauli, halafu saa zako. Vipande 24 humchukua anayeanza karibu nusu siku. Mabaki ya bure hayaifanyi kazi kuwa ya bure, na ukijisahau katika hesabu hiyo utajikuta unauza kwa bei ya daftari na uzi.

SWALI: Jalada langu limejaa vumbi jekundu. Nilifue? (Msomaji wa Kwa Mromboo, Arusha)

JIBU: Lichomoe daftari, kung'uta vumbi lingali kavu, kisha lifue kwa mkono katika maji baridi na sabuni kidogo bila kulikamua. Lianike kivulini likiwa limelazwa, na ulipige pasi lingali na unyevu kidogo. Usilirudishe kwenye daftari siku hiyohiyo, hasa wakati wa masika, kwa kuwa mishono iliyorundikana mgongoni hukauka mwisho na ndiyo inayolitia gamba la karatasi ukungu.