Maisha ya majaji: anza na Moseneke

Ndugu, umeuliza tawasifu nzuri, hasa za waliokuwa majaji wa Mahakama Kuu. Mimi ningeanza na My Own Liberator ya Dikgang Moseneke wa Afrika Kusini, iliyotoka 2016. Alikamatwa mwaka 1963 akiwa na miaka 15 tu, akafungwa miaka 10 kisiwa cha Robben. Umri huo mimi nilikuwa nahangaikia mpira wa makaratasi! Akasoma humo humo gerezani kwa njia ya posta, akatoka, akawa wakili, baadaye jaji wa Mahakama Kuu kule Pretoria, hadi Naibu Jaji Mkuu wa nchi ile ile iliyomfunga. Kurasa za mambo ya sheria ni nzito kidogo, lakini usiziruke.

Ukikipenda hicho, mtafute Albie Sachs, naye wa Afrika Kusini, na kitabu chake The Soft Vengeance of a Freedom Fighter. Bomu lililotegwa kwenye gari lake Maputo mwaka 1988 lilimpotezea mkono wa kulia na jicho moja likapofuka. Mwaka 1994 Mandela akamteua Mahakama ya Katiba. Ungetegemea kitabu cha uchungu mtupu, kumbe jamaa ana ucheshi.

Kwa Kiswahili, nje ya majaji: Mzee Rukhsa ya Ali Hassan Mwinyi, rais wa zamani wa Tanzania (2021), na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Hicho cha mwisho ni chembamba, siku moja unakimaliza.