Maswali Yenu: Nta ya nyuki yenye namba, ni nta ile ile?

SWALI: Dada shikamoo. Mimi natengeneza losheni nyumbani nawauzia majirani na kina mama wa kanisani. Rafiki yangu aliyesomea haya mambo alinipa fomula, maji gramu 74, mafuta ya alizeti gramu 18, PEG-8 Beeswax gramu 7 na kihifadhi gramu 1. Mimi nikajua beeswax ni nta ya nyuki tu, kwa nini nihangaike kuagiza wakati mjomba ananiletea nta nzuri kutoka Tabora? Nikaweka gramu 7 za nta ya mjomba. Nilivyokoroga ikawa nyeupe nikafurahi kweli, asubuhi naamka nakuta maji chini na juu kuna kitu kimeganda kama mfuniko. Nimerudia mara tatu, mafuta yananiishia. Je, mjomba kauziwa nta feki? – Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mjomba usimgombeze hata kidogo, nta yake haina kosa. Ilikataa kushika maji kwa sababu ni nta kweli, na nta kweli haipatani na maji. Nyuki mwenyewe anaitoa tumboni, vigamba vyembamba mno, anavitafuna ndo anajengea masega ya kutunzia asali, sasa fikiria kama nta ingekuwa inayeyuka na maji hiyo asali angeiweka wapi.

Ulichoandikiwa na rafiki yako ni kitu kingine kilichotokana na nta. Ngoja nikueleze vizuri maana nimeona watu wengi wanapotezea hela hapa.

Nta ya nyuki siyo kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu zaidi ya mia tatu. Sehemu kubwa, kama asilimia 70 hivi, ni esta, yaani asidi za mafuta zilizoshikana na alkoholi ndefu ndefu, na hizo zimetulia hazitaki kuguswa. Ila kuna kama asilimia 12 ambayo ni asidi huru, bado hazijashikana na kitu, zina mkono mtupu. Huo mkono ndo kiwanda kinautafuta. Wanachukua nta, wanaipasha moto pamoja na kitu kinachopenda maji, kile kitu kinadaka ule mkono, basi unapata nta yenye upande mmoja unaoshika mafuta na upande wa pili unaoshika maji. Ni kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya pilau, mafuta yalikuwa yamenata ukaweka sabuni yakakubali kwenda na maji. Kitu cha namna hiyo tunakiita emalsifaya, na bila hicho losheni hakuna, utakoroga mpaka mkono uume yatarudi kuachana tu.

Hiyo PEG, kifupi cha polyethylene glycol, ndo kile kipande kinachopenda maji, ni mnyororo. Na 8 siyo asilimia wala siyo daraja la ubora kama muuzaji mmoja alivyowahi kuniambia mimi mwenyewe nikiwa nimesimama dukani kwake, ni wastani wa pingili ngapi ziko kwenye mnyororo. Namba ikiwa kubwa mnyororo unakuwa mrefu na kitu kinapenda maji zaidi.

Unataka kuona kwa macho? Chemsha maji, mimina kwenye glasi mbili zinazovumilia moto. Moja tia kipande cha nta ya mjomba kama punje ya harage, nyingine PEG-8, ukishaona vimeyeyuka koroga na kijiko kisha acha vipoe. Ya mjomba itaelea juu na kuganda, kisahani cha njano, ukikinyanyua na kucha chini maji ni safi kabisa unaona mpaka kitako cha glasi. Ile nyingine maji yanageuka meupemeupe kama chai ya maziwa iliyozidi maji. Mimi nilipofanya hivo mara ya kwanza ndo nikaelewa, maelezo yote ya kabla yalikuwa yananipita.

Sasa ufanyeje. Ukitaka losheni nunua hiyo PEG-8 au emalsifaya nyingine unayoipata, alafu ya mjomba weka gramu 1 au 2 tu kuipa uzito. Pasha mafuta na maji yote mpaka kama nyuzi 75 kwanza, maana nta inayeyuka kwenye 62 hadi 65 na ukiimiminia maji ya baridi inaganda vipandevipande kabla haijachanganyika. Au achana na maji kabisa, sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta kwa uzito, unapata mafuta mazuri ya kupaka ya kopo, hayahitaji emalsifaya, na kwa nta ya Tabora yenye harufu yake ile mimi ningekushauri hivyo. Kuna watu wanalala porini kwenye miombo kufuata hiyo mizinga, wacha iuzwe kwa jina lake.

SWALI: Nimeambiwa zamani walikuwa wanatumia boraksi, ile chumvi ya madini ya unga mweupe, na nta ya nyuki kutengeneza krimu na inakubali vizuri. Mbona sasa watu wanakataza? – Msomaji, Arusha

JIBU: Inakubali kweli, na ni akili ile ile ya mkono mtupu. Boraksi inakutana na zile asidi huru zinageuka sabuni palepale ndani ya sufuria, hiyo sabuni ndo inashikisha maji na mafuta. Krimu yenyewe ni ya kale sana, inasemekana ilianza na tabibu Galen huko Roma karne ya 2, nta, mafuta ya mzeituni na maji ya waridi, ikaitwa krimu baridi kwa vile maji yake yalikuwa yanatoka na kupoza ngozi. Boraksi ilikuja baadaye sana. Tatizo ni kwamba boraksi imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi, na Umoja wa Ulaya wameiondoa kwenye vipodozi. Mimi siiweki, hasa kwa krimu ambayo mama atampaka na mtoto. Emalsifaya zipo, hakuna sababu.

SWALI: Hizo PEG si ndo zinaleta kansa? Kuna video inazunguka. – Baba Nasra, Unguja

JIBU: Hapana, PEG yenyewe siyo, mnyororo huo huo upo hata kwenye dawa za hospitali za kulainisha choo. Hofu imetoka kwenye namna inavyotengenezwa. Inatengenezwa kwa gesi ya ethilini oksaidi, hiyo gesi ndo mbaya, na kwenye kutengeneza kunaweza kubaki chembe za dioksani ambazo hazitakiwi. Kiwanda kizuri kinazivuta na kuziondoa na kupima kabla ya kuuza. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni karatasi ya vipimo iko wapi, na kama anakupimia kwenye mfuko wa rambo usio na jina wala namba ya batchi, mwachie mzigo wake. Pia usipake juu ya kidonda au ngozi iliyoungua. Na jambo linaloniuma, ukiweka PEG-8 usiandike kwenye kopo "asilia asilimia mia", siyo kweli, hata viwango vya vipodozi asilia vya COSMOS haviikubali. Ukianza kuuza madukani Tanzania Bara, TBS, shirika la viwango, watakutaka usajili na orodha ya viungo, andika jina lake kamili.

SWALI: Mafuta yangu ya midomo yana chenga kama sukari, nikaambiwa ninunue Polyglyceryl-3 Beeswax. Ni nini na nitaiweza? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Hiyo ni ndugu ya PEG-8 ila kazi tofauti. Hapa ule mkono mtupu umeshikishwa gliserini tatu zilizoungana, hakuna gesi ile ya ethilini oksaidi. Usiitegemee itengeneze losheni peke yake, kazi yake kubwa ni kugandisha mafuta yakawa laini kama jeli na kuzuia chenga. Lakini kabla hujatoa hela, unatumia siagi ya shea? Chenga nyingi zinatoka humo, ikipoa polepole sehemu ngumu zinajitenga. Yeyusha yote upya, mimina kwenye vikopo, vitie friji hapohapo visikae mezani. Na kwa joto la Mombasa ongeza nta ya kawaida kidogo. Zikibaki chenga, ndo jaribu hiyo Polyglyceryl-3.

SWALI: Nikiumwa na nyuki navimba mwili mzima. Naweza kutumia krimu yenye nta? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kinachokuvimbisha ni sumu ya mwiba, na nta siyo sumu ile. Wanaowashwa na nta mara nyingi ni wale wanaowashwa na gundi ya nyuki iliyobaki ndani yake, propolisi, kwa hiyo tafuta nta iliyochujwa vizuri, paka kidogo ndani ya kiwiko siku mbili uangalie. Lakini wewe unayevimba mwili mzima mwone daktari kwanza kabla ya hilo jaribio, na umwambie kuhusu hao nyuki hata kama hujawahi kupaka nta.