Kabla hujaamsha vilivyofichwa kwenye gari lako la kasi, jifunze kulisoma

Mwenzako mwenye gari kama lako anawasha swichi, sindano za dashibodi zinaruka mpaka mwisho na kurudi, nawe unataka lako lifanye hivyo jioni hiyo hiyo. Ndivyo wengi wanavyoingia kwenye kodingi, na hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mtu anapobonyeza kitufe cha kuandika hata kabla hajajua moduli yake, yaani kompyuta ndogo inayosimamia sehemu fulani ya gari, ilikuwa na nini.

Kiwanda hakitungi programu mpya kwa kila gari. Hutunga moja yenye karibu kila kitu, kisha kila moduli huambiwa kipi kiwake na kipi kilale, kufuatana na nchi gari linakouzwa na vifaa ambavyo mnunuzi amevilipia. Kodingi ni kubadilisha maelekezo hayo tu. Usiichanganye na kurimapu, ambako mtu hugusa ramani za mafuta na cheche kwenye kompyuta ya injini. Anayekuahidi nguvu za farasi kwa kodingi ya dashibodi, achana naye.

Kwa hiyo jiulize kwanza: hiki nikitakacho kilizimwa kwa nini? Mara nyingine kifaa chenyewe hakimo. Ukiiambia moduli kwamba vioo vya pembeni vina mota za kujikunja wakati havina, havitajikunja. Utapata kodi ya hitilafu tu. Mara nyingine ni sheria. Marekani haikuruhusu taa kuu zinazojikata zenyewe ili zisimmulike dereva wa mbele mpaka Februari 2022, na hata ilipoziruhusu, masharti yake hayakufanana na ya Ulaya. Mtu anayenakili mpangilio wa Ulaya kwenye gari la Marekani hajawa halali kwa sababu tu taa zimefanya kazi. Na mara nyingine ni uamuzi wa kiwanda kuhusu ladha. BMW M5 ya kizazi cha F10, iliyotoka 2011, hupitisha sauti ya injini kwenye spika za ndani. Wapo wanaoipenda, na wapo ambao jambo lao la kwanza ni kuizima. Mimi nasimama na hao wa pili.

Vitu vya ladha ndiyo shule nzuri ya kuanzia: sindano, mlio wa kufunga milango, madirisha kushuka kwa rimoti. Ukikosea, hakuna anayeumia. Eabegi, ABS (mfumo unaozuia breki kukaza magurudumu yakasimama) na usukani usiviguse kabisa, hata kama programu ya simu inakuonyesha orodha ndefu ya vya kubadilisha humo.

Halafu kuna umeme. Ukiweka swichi bila kuwasha injini, moduli zote zinaamka na betri inaanza kushuka. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikikaribia 12.2 imebaki nusu, na hapo usiandike chochote. Tumia kifaa cha kushikilia volti kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu chaja ya kawaida inaweza kuyumbisha umeme katikati ya kazi. BMW za enzi ya E90, M3 ikiwemo, zina moduli ya taa na madirisha iitwayo FRM ambayo inafahamika kwa kupoteza kumbukumbu yake volti zinapoporomoka. Gari linawaka vizuri kabisa, ila taa na madirisha havifanyi kazi.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Kila familia ya magari ina vyake: VCDS kwa Volkswagen na Audi, FORScan kwa Ford, BimmerCode au E-Sys kwa BMW. Adapta za bei ya kutupa za kuunganisha simu au kompyuta na gari, zinazojiita ELM327, zinaweza kusoma kodi za hitilafu na bado zikakwama kwenye ujumbe mrefu wa kuandika. Magari mapya pia yana kufuli: Volkswagen za kizazi cha Golf 8 zina ulinzi wa SFD, ambao hudai kibali kutoka kwenye seva ya kiwanda kabla moduli haijakubali mabadiliko. Uliza hilo kabla hujatoa hela.

Sasa kosa ninaloliona kuliko yote: kunakili thamani ya gari la mtu mwingine. Baiti moja ina biti 8, zinazohesabiwa kuanzia 0 upande wa kulia, na kila biti ni swichi yake; thamani ya baiti huandikwa kwa heksadesimali, ambapo A ni 10 na E ni 14. Tuseme mwenzako alikuwa na 0A, akawasha biti ya 2, ikawa 0E, akakutumia hiyo 0E. Yako ilikuwa 2A. Ukiandika 0E umewasha ulichotaka, lakini umezima biti ya 5 bila kujua, na huenda ndiyo iliyokuwa ikiiambia moduli kwamba una vihisi vya kuegesha. Jibu sahihi kwako lilikuwa 2E. Ndiyo maana unasoma kwanza, unahifadhi faili la asili, unapiga picha ya skrini, kisha unabadilisha jambo moja, unazima gari, unaliacha lilale, unawasha na kusoma kodi za hitilafu. Ukibadilisha manane kwa mpigo na taa ya onyo ikawaka, utaanza kupiga ramli.

Tarehe, moduli, thamani ya zamani na mpya: andika yote kwenye daftari, maana gari likienda kwa wakala kuwekewa programu mpya, kodingi yako huenda ikafutwa na kurudishwa ya kiwandani. Hapo usichukue faili lako la zamani ukalirudisha zima, kwa kuwa toleo jipya linaweza kuwa limehamisha mpangilio wa baiti. Soma moduli upya, hifadhi asili hii mpya, ndipo uingize mabadiliko yako moja moja kutoka kwenye daftari.